Waambie Nilikula

Pasta Elie alipofika kwenye habari ya mguu, niliweka chini kikombe changu cha chai. Tulikuwa Spånga, kitongoji cha Stockholm, katika ukumbi wa kukodi karibu na stesheni, siku ya pili baada ya kumzika Mama Bahati, na kila treni ilipopita vioo vya madirisha vilitetemeka. Watu walikaa na makoti mapajani kwa sababu ndoano za mlangoni zilikuwa zimejaa. "Dada yetu alifunga siku ishirini na moja," Pasta alisema, akinyoosha vidole kana kwamba vingemtosha kuhesabia. "Bila kula, bila kunywa, mpaka jua lizame. Na Bwana akaweka mfupa pale ambapo hapakuwa na mfupa." Watu wakaitikia amina. Bahati, binti wa marehemu, alikuwa mstari wa mbele na hakuitikia. Aligeuka akanitazama. Nilijua ananiuliza nini. Miaka minane iliyopita, jikoni kwao Hallonbergen, mama yake alinipa agizo moja tu kuhusu kifo chake, na Bahati alikuwepo, ameegemea friji, simu mkononi.

Sitaanza na kwetu Tanga, wala wazazi wangu, wala jinsi nilivyopata nafasi ya chuo. Hayo yana watu wake wa kuyasimulia. Naanza na chumba nilichopanga kwa Mama Bahati, kwa sababu mwaka ule niliusikia zaidi kuliko nilivyouona, na niliusikia kupitia ukuta wa chumba. Kilikuwa chembamba, na kitanda, cherehani isiyotumika na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Upande wa pili ulikuwa sebule. Kila saa kumi na mbili asubuhi nilisikia magongo: tok, kimya, tok, kimya, kisha bomba la maji, kisha Mama Bahati akimwita binti yake kwa Kiswahili cha Uvira, Kongo, na binti akijibu kwa Kiswidi. "Bahati, amuka, utachelewa." "Jag vet, mamma." Yaani anajua. Alikuwa na miaka kumi na sita na alijua kila kitu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nasoma shahada ya uzamili ya biolojia ya seli, na nilidhani ninajua zaidi yake.

Mama Bahati alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Spånga, akiwaogesha, akiwalisha, akiwanyanyua kutoka vitandani, mpaka asubuhi moja ya barafu alipoteleza mbele ya mlango wa kazini na mfupa wa muundi ukavunjika vipande vitatu. Wakaufunga kwa bamba la chuma. Kidonda kikaingia usaha. Wakafungua tena, wakakata sehemu iliyooza, wakachukua mfupa kidogo kutoka nyongani wakajaza pengo, na mfupa ule nao ukayeyuka. Nilipohamia kwake alikuwa ametembelea magongo karibu miaka miwili, na katikati ya muundi wake palikuwa na pengo la urefu wa kidole changu cha shahada. Yeye mwenyewe alilieleza vizuri kuliko picha yoyote ya eksirei. "Ndani ya muguu wangu," alisema, "iko fasi tupu. Nasikia upepo."

Ni lazima niseme nilikuwa mtu wa namna gani, maana bila hilo kosa langu halitaeleweka. Nilikuwa nahoji. Nilimhoji mwalimu wangu kuhusu grafu zake, nilimhoji mama mzazi kuhusu majini, na nilikuwa nimeacha kuswali tangu nikiwa na miaka kumi na tisa bila kumwambia mtu. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, majira ya kuchipua, nilikuwa najificha chumbani nakula biskuti, kwa sababu wanawake wa Kitanzania walizoea kupita pale nyumbani kumjulia hali mgonjwa. Siku moja Mama Bahati alisukuma mlango kwa gongo akanikuta na makombo kidevuni. Alinitazama, akatazama biskuti. "Weye mutoto," akasema, "kula mezani kama mutu. Nyumba yangu haina polisi." Wageni walipokuja jioni ile na kuniona na glasi ya maji, yeye ndiye aliyewajibu kabla sijafungua mdomo: "Muacheni huyo, leo tumbo linamusumbua." Alikuwa mwanamke wa kanisa, anaimba kwaya, anatoa machozi kwenye maombi. Alidanganya kwa ajili yangu bila kupepesa jicho.

Katika maabara yetu nilikuwa nakuza seli shina zinazotolewa kwenye mafuta ya mwili wa binadamu. Mafuta yenyewe yalikuwa mabaki ya upasuaji, kitu ambacho kingetupwa. Unayaosha, unayasaga kwa kimeng'enya, unayazungusha kwenye mashine, na chini ya chupa linabaki tope kidogo ambalo ndani yake mna seli zisizokuwa zimeamua kazi yao. Ukizilisha hivi zinabaki mafuta, ukizilisha vile, baadhi zinaanza kuweka chokaa na kuwa mfupa. Nilikuwa nimeliona hilo kwa macho yangu chini ya hadubini na bado sikuliamini sana, kwa sababu chupa si mguu. Ndipo mwezi wa tatu nikaona tangazo kwenye ukuta wa korido: madaktari wa hospitali moja walitafuta wagonjwa wenye mfupa wa mguu uliokataa kuunga, kwa jaribio la tiba hiyohiyo. Nililipiga picha. Nilikaa nalo siku tatu. Siku ya nne tukiwa mezani, kwenye ugali wa muhogo na dagaa, nikalieleza.

Mama Bahati aliacha kutafuna. "Mafuta yangu mwenyewe?" Akabinya ngozi ya tumbo kupitia kikwembe, kitenge alichojifunga. "Haya? Angalia vizuri, mwanangu. Hapa hata sabuni haitoki."

"Mamma, vad äckligt," Bahati alisema, na uso wake ukatafsiri kinyaa chote.

"Äckligt ni kukatwa muguu," mama yake akamjibu. Hilo neno la kukatwa lilikuwa limekaa nyumbani mle muda mrefu bila mtu kulitamka. Madaktari walikuwa wameshalitaja mara mbili. Chini ya goti.

Tulikwenda hospitali mwezi wa nne. Daktari mpasuaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi za mvi, akatupa mkono na kusema tumwite Åsa. Mama Bahati alikataa kumwita mtu wa elimu ile kwa jina tupu, akamfanya Docteur Åsa mpaka mwisho. Mkalimani alikuwa kwenye simu, sauti ya mwanamume wa Kenya, na nyuma yake mtu alikuwa anaosha vyombo. Åsa alieleza polepole. Atachukua mafuta tumboni, kiasi cha kikombe. Seli zitakuzwa kama mwezi mzima katika chumba safi. Kisha zitachanganywa na chembechembe ngumu, kubwa kama chumvi ya mawe, na kujazwa kwenye pengo, na bamba jipya litashikilia. Ikishindikana, ataurudia mjadala wa kukata. Mkalimani alitafsiri. Mimi nikauliza langu, kwa Kiswidi: mfupa ukiota, mtajuaje ni seli zimeujenga, si zile chembechembe peke yake, si bamba, si muda?

Åsa aliweka kalamu yake mezani. "Hatujui," akasema. "Ndiyo maana tunaliita jaribio."

Nilijisikia nimeshinda. Nikageuka kumwangalia Mama Bahati nikitegemea aogope, naye alikuwa anatabasamu. "Miaka mbili madaktari banasema banajua," alisema. "Bamba, banajua. Mufupa ya nyonga, banajua. Huyu wa kwanza ananiambia hajui. Leta hiyo kalamu." Åsa akambinya tumbo kwa vidole viwili, akapima, akasema mafuta yatatosha, kwa shida. Karatasi za ridhaa ziliuliza kuhusu sigara, pombe, dawa, mzio, mimba. Kuhusu kufunga hazikuuliza kitu. Ni Mswidi gani angefikiria?

Kanisa lao lilikuwa limekodi ukumbi Skärholmen, juu ya maduka, na wanawake wake wakawa wanakuja sebuleni kwetu mwisho wa wiki kuimba na kupanga. Hivyo nilisikia yote kupitia ukuta. Nilimsikia Pasta Elie akitangaza maombi ya kufunga siku ishirini na moja kwa ajili ya mguu wa Mama Bahati, kavu, mpaka jua lizame, kama walivyofanya Uvira wakati wa vita na Mungu akawasikia. Nilisikia amina nyingi. Hakuna aliyeuliza jua la huku linazama saa ngapi, na mimi niliyezoea kuuliza nililala kitandani nikacheka peke yangu. Ulikuwa mwisho wa mwezi wa tano. Uvira jua huchomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, mwaka mzima, kama mfanyakazi mwaminifu. Stockholm mwezi wa sita jua linachomoza saa tisa na nusu alfajiri na linazama baada ya saa nne za usiku. Watu hawa walikuwa wamechukua ratiba ya ikweta wakaihamishia huku bila kuibadilisha, nami nikaona ni kichekesho kizuri cha kumsimulia mwenzangu wa maabara. Nilimsimulia. Tukacheka kwenye kahawa.

Mama Bahati naye alifunga. Nilimuuliza mara moja tu, nusu kwa utani, kwa nini yeye mgonjwa asiachie wengine. Akasema, "Batu banashinda na njaa kwa sababu ya muguu wangu, halafu mimi niketi hapa natafuna? Nitawaangalia na macho gani?" Nikaona ni mambo yao. Niliamini kwamba maombi hayabadilishi chochote, na nikiamini hivyo niliyaweka yote katika kapu moja, maombi na njaa, nikalifunga kapu. Jua lilipozama alikula vijiko vitatu vinne, akachoka, akalala. Sahani yake ilibaki kwenye friji imefunikwa. Kesho yake mchana, nikirudi kutoka chuo na njaa, niliila mimi. Niliila siku baada ya siku. Nilihoji kila kitu mwaka ule isipokuwa sahani ile.

Siku ya kumi na nne ya kufunga ilikuwa ya vipimo hospitalini, kabla ya kutolewa mafuta mwezi wa saba. Åsa alimpandisha kwenye mizani, akaangalia namba, akamshusha, akampandisha tena. Kilo sita zilikuwa zimeondoka. Akambinya tumbo na vidole vyake vikakutana. "Umeugua?" akauliza. Mkalimani alitafsiri kutoka kwenye simu. Mama Bahati akatazama sakafu. "Una wasiwasi? Hupati hamu ya kula?" Nilisikia uso wangu ukipata moto, maana nilikuwa nimeona jibu kabla yao wote, limefunikwa na sahani nyingine juu yake.

"Anafunga," nikasema.

"Kwa nini anafunga?"

"Ili upasuaji wako ufanikiwe."

Åsa alivua miwani akaishika. Hakucheka, na hilo nalikumbuka kwa heshima. Akasema hawezi kutoa kitu ambacho hakipo. Akasema hata angeyapata mafuta, mwili usiokula haujengi mfupa, unabomoa. Nafasi ya mwezi wa saba imefutwa. Mwezi wa saba wenyewe nusu ya hospitali wako likizo. Ipo nafasi moja mwishoni mwa mwezi wa nane, ya mwisho kwenye jaribio, na kama siku hiyo mafuta hayatoshi, basi atampa barua ya kwenda kwa wale wengine. Hakuhitaji kusema wengine gani. Mkalimani wa simu alisita kabla ya kuitafsiri sentensi ile, na alipoitafsiri aliongeza neno "pole" ambalo daktari hakulisema.

Nje, kwenye kituo cha basi, Mama Bahati hakulia. Alikaa kwenye benchi na magongo kati ya magoti. Nikamwambia turudi nyumbani ale. "Hapana," akasema, "nitakula kwa siri kama weye na biskuti zako? Twende Skärholmen." Tukaenda, tukabadilisha treni katikati ya mji, na kila ngazi ya umeme iliyoharibika ilituongezea hasira.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni na jua lilikuwa juu kama la mchana. Wanawake walikuwa wanapika kwenye jiko dogo la ukumbi, sufuria zimefunikwa kwa vitambaa, harufu ya sombe, kisamvu cha kwao, na mawese mpaka kwenye lifti. Mama Chantal, mpishi wao mkuu, mwanamke mnene mwenye jino la dhahabu, alikuwa anageuza samaki midomo ikiwa imemkauka. Pasta Elie alikuwa mbele na Biblia. Alikuwa mtu mpole, sitamzushia mengine. Nilimwendea moja kwa moja.

"Pasta, Mama Bahati anatakiwa ale. Daktari amesema. La sivyo hawatampasua."

"Atakula jua likizama, mwanangu. Zimebaki siku saba tu."

"Jua lipi? Hili?" Nikaonyesha dirisha. "Uvira lingekuwa linazama muda si mrefu. Hapa bado saa tano nzima. Kila siku mmeongeza zaidi ya saa sita juu ya kufunga kwenu, na hakuna aliyewaambia."

"Mungu wa Uvira ndiye Mungu wa Skärholmen."

"Sibishi. Mungu ni yuleyule. Jua ndilo lina ratiba nyingine."

Mtu alicheka nyuma akajizuia. Pasta akafunga Biblia kwa kidole ndani. "Na weye Mwislamu umekuja kutufundisha kufunga?"

"Kwetu mgonjwa hafungi. Na hata Waislamu wa mji huu hukaa wakalijadili jua la mwezi wa sita."

"Bon. Weye mwenyewe mwezi wenu ulifunga?"

Kwenye mlango walikuwa wamesimama wanawake wawili wa Kitanzania waliokuja kusaidia kupika, walewale wa kumjulia hali mgonjwa. Ningeweza kusema ndiyo. "Sikufunga," nikasema. "Hata siku moja. Nilikuwa nakula chumbani, na huyu mama alikuwa anajua."

"Ahaa," Pasta akasema, na akawageukia watu. "Mumesikia?"

"Pasta, muache mutoto," Mama Bahati akasema. "Yeye hana njaa. Mimi ndio niko nayo."

Akaanza kutembea. Tok, kimya, tok, kimya, kutoka mlangoni mpaka kwenye meza ya sufuria, na ukumbi wote ukihesabu naye. Alipofika alivuta kitambaa cha sufuria ya kwanza. Mvuke ukampiga usoni. Akachukua sahani ya plastiki, akachota sombe, akachota ugali, akaketi kwenye kiti, akayalaza magongo sakafuni, akanawa kwa maji ya chupa.

"Mama Bahati," Pasta alisema, na sauti yake ilikuwa na maumivu ya kweli, "unavunja maombi ya batu yote."

"Mimi mwenyewe nimevunjika miaka mbili, Pasta, na tumekaa nayo." Akamega tonge. "Muguu ni wangu. Tumbo ni yangu. Kama Mungu anataka kuweka mufupa, ataniona ninakula. Yeye haogopi sombe."

Akala. Sikupata kuona tena mtu akila namna ile. Hakuwa na haraka, wala hakuinamisha kichwa. Alikula akiwatazama watu machoni, mmoja baada ya mwingine, na walioshinda na njaa kwa ajili yake walitazama pembeni au walilia. Kisha Mama Chantal akaja na samaki mzima kwenye mwiko, akamwekea. "Kula na hii," akasema kwa hasira, sijui hasira ya nani. "Sombe peke yake haitoe mafuta." Pasta Elie alitoka nje. Nusu ya watu walimfuata. Nusu walibaki, na mmoja akaenda kujaza birika.

Majira yale ya joto, Waswidi walipokuwa kwenye nyumba zao za mashambani, sisi tulikuwa Hallonbergen tunamlisha Mama Bahati. Wanawake walipokezana. Mama Chantal alileta mikeke, samaki wa ziwa la kwao, waliogandishwa, kutoka duka moja tu alilolijua na ambalo hakumwambia mtu. Mwingine alileta ndizi za kukaanga, mwingine maharage yenye mawese, na wale Watanzania wawili, ambao kwa wiki nzima hawakunisalimu, walikuja na wali wa nazi na kuku wakasema ni wa mgonjwa, si wangu. Nami nililipa deni la sahani zile kwa njia niliyoiweza: niliamka mapema nikampikia uji wa karanga, nikasimama mpaka amalize. Kila Jumamosi nilimpima, na Bahati aliandika namba kwa kalamu ya wino mzito kwenye mlango wa friji, huku akinung'unika kwa Kiswidi kwamba familia nyingine huweka sumaku. "Munaninonesha kama ng'ombe wa arusi," mama yake alilalamika, akinyoosha mkono kuomba andazi jingine.

Mwishoni mwa mwezi wa nane Åsa alimbinya tumbo, akabinya tena upande wa pili, akasema, "Sasa yanatosha." Mafuta yalipotoka Mama Bahati alidai aonyeshwe. Yalikuwa ya njano kwenye bomba la sindano, na damu kidogo. Aliyatazama kwa makini. "Hiyo hapo ni mikeke ya Mama Chantal," alisema, na mkalimani wa simu akaomba arudiwe, kwa sababu hakuamini alivyosikia.

Seli zilikuzwa katika jengo jirani na langu, nyuma ya milango ambayo kadi yangu haikuifungua. Nilipita pale kila siku bila sababu. Bahati, ambaye hakuwahi kuingia chumbani kwangu, alianza kuja jioni na kuketi juu ya cherehani akiniuliza kwa Kiswidi: zinakula nini, zinajuaje kuwa ni mfupa, zikikosea je? Kwa maswali mengi jibu langu lilikuwa sijui, na nilishangaa kuona kwamba neno hilo lilimtuliza. Mwisho wa mwezi wa tisa walimpasua. Mwezi wa kumi na mbili, kwenye picha ya eksirei, pengo lilikuwa na kitu kama ukungu. Mwezi wa pili ukungu ulikuwa umeshika pande zote mbili. Åsa alisema si wote kwenye jaribio walipata hivyo. Nikamuuliza swali langu lilelile, ni nini hasa kimejenga. "Seli, labda," akasema. "Chembechembe, bamba, muda. Chakula. Sijui ni kiasi gani cha kipi." Akamtazama Mama Bahati akiwa amesimama bila magongo, ameshika ukingo wa meza. "Ila mfupa upo."

Jumapili moja baadaye alikwenda kanisani Skärholmen kwa miguu yake miwili na akarudi amekasirika. Aliketi jikoni bila kuvua koti. Pasta alikuwa ametoa ushuhuda. Siku ishirini na moja, jua lizame, mfupa ukashuka. "Nilimwambia, Pasta, mimi niliishia kumi na ine. Anasema, dada, Mungu alihesabu zilizobaki." Nikacheka. Yeye hakucheka. "Sikia, Zuhura. Mungu mimi namuheshimu, na sina vita naye. Lakini nilikula, na kula kwangu ilikuwa kazi ya batu. Mama Chantal alipika. Weye ulisema mbele ya batu kitu cha kukuaibisha. Mutu akisema nilifunga, amewafuta ninyi wote. Siku nikikufa, batu watatunga mambo. Weye ubaambie nilikula." Kisha akamgeukia binti yake aliyeegemea friji. "Na weye umesikia." "Ja, mamma," Bahati akasema. "Jag hörde."

Alirudi kazini Spånga, akawanyanyua wazee wa watu miaka mingine saba, na moyo wake ulisimama akiwa zamu, naye amesimama. Mimi niliacha maabara. Sasa kazi yangu ni kupitia fomu za majaribio ya tiba kabla hazijapewa wagonjwa, na kwenye kila fomu naongeza swali ambalo wakubwa wangu wameshalifuta mara kadhaa nami nikalirudisha: unakula nini, na saa ngapi?

Kwa hiyo siku ile ukumbini nilisimama. Pasta Elie alikuwa bado hajafika kwenye sala. "Hakufunga ishirini na moja," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo, nikairudia kwa nguvu. "Siku ya kumi na nne alikula. Sombe na ugali, saa kumi na moja jioni, jua likiwaka. Alinituma niwaambie."

Pasta aliniangalia juu ya miwani. Alikuwa amezeeka. "Zuhura, mwanangu, ungengoja nimalize."

"Tulingoja siku kumi na nne, Pasta."

Nilifikiri wangenizomea. Badala yake, nyuma kabisa, kiti kililia, na Mama Chantal, mwenye fimbo sasa, akainuka nusu. "Sombe ilikuwa yangu," alisema. "Na samaki." Kisha mwanamke mwingine, bila kuinuka: "Ndizi zilikuwa zangu." "Maharage." Mmoja wa wale Watanzania akasema wali wa nazi ulikuwa wake, na akaniangalia kama bado ana neno nami. Waliendelea hivyo, sahani kwa sahani, na Pasta akasimama akiwa ameshika kitabu chake, akisikiliza, mpaka walipomaliza. Ndipo Bahati akainuka. Alikwenda kwenye meza ya chakula iliyokuwa nyuma, akavuta kitambaa cha sufuria ya kwanza, na mvuke ukapanda. Akachota sahani ya kwanza, akampelekea Pasta Elie, akamwekea mikononi.

"Kula," akamwambia, kwa Kiswahili.